Nyumba Iliyovuka Barabara

Jumatatu baada ya Pasaka, Geraldine Nowicki alikaa mezani jikoni, akachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto aliandika Illinois, anakoishi. Kulia Indiana, ng'ambo ya barabara, ambako dada yake Loretta alikuwa akianika mashuka. Mpaka wa majimbo hayo mawili ulipita kwenye lami, na watoto waliuvuka kufuata mpira.

Hesabu haikumchukua muda. Illinois haikuikata kodi pensheni yake ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha basi la shule, ila kodi ya serikali kwa kumiliki nyumba ilikuwa dola elfu saba na mia mbili kwa mwaka. Miaka miwili zaidi hivyo, na nyumba ingepigwa mnada. Indiana ingeimega pensheni kidogo, lakini kodi ya nyumba isingefika hata robo ya ile. Akapigia Indiana mstari, akaurudia mpaka karatasi ikachanika.

Nyumba ikainuka.

Ilijing'oa polepole kwenye msingi wake, kama mama mnene anayenyanyuka kwenye benchi la kanisa, ikavuka barabara. Geraldine alishika kikombe kahawa isimwagike. Dereva wa gari la taka alisimama kuipisha. Loretta akaanua mashuka, na nyumba ikajikalisha kwenye kiwanja kitupu cha Loretta.

"Umechelewa," alisema Loretta. "Nilikwambia tangu mumeo Stanley azikwe."

"Nipishe, nina kazi."

Geraldine alibeba kiti kimoja cha jikoni, akarudi ng'ambo, akakiweka juu ya msingi mtupu. Mtaani kwao, aliyezoa theluji ili aegeshe gari akiondoka huacha kiti pale kuonyesha kuwa nafasi ni yake, na hakuna anayekigusa. Hakufikiri. Mikono ilijiendea kwa mazoea.

Baada ya wiki mbili karani wa kodi wa Illinois alikuja na futi ya kupimia. Akakizunguka kiti.

"Mama, hiki ni chako?"

"Changu. Na ole wake atakayekigusa."

"Basi," alisema karani, akaandika. Kiti kilithibitisha kwamba nyumba imetoka kidogo tu na itarudi, kwa hiyo kodi ilibaki ileile. Alikiri kwamba sheria ya kiti haikuandikwa popote, lakini hata yeye alikuwa nacho kimoja nje kwake.

Mchana huohuo akaja karani wa Indiana, mwanamke mwenye mafua, akamuuliza Geraldine analala wapi.

"Kitandani."

Akauliza kitanda kiko upande gani, akachungulia dirishani, akaiandika pensheni ili itozwe kodi Indiana.

Geraldine aliwakalisha wote wawili barazani akawauliza habari za ghala la mizigo lililo mwisho wa mtaa. Walizijua. Wenye ghala waliandika barua kwamba wanafikiria kuhamia ng'ambo, na Illinois ikawasamehe kodi miaka ishirini na mitatu. Pengo la fedha za shule lililobaki likagawanywa kwenye kodi za wenye nyumba.

"Lile ghala halijasogea hata unyayo," alisema Geraldine.

"Lilitishia kuhama, mama," alisema karani wa Illinois. "Wewe hukutishia. Ulihama tu."

Karani wa Indiana alipenga kamasi, akasema hata kwao barua kama hiyo ingepokelewa vizuri.

Walipoondoka, Geraldine alikwenda kukiondoa kiti. Miguu ya kiti ilikuwa imeshaota mizizi kwenye saruji ya msingi. Alivuta, Loretta akavuta, dereva wa gari la taka akafunga kamba akavuta, kamba ikakatika. Nyumba nayo, alipoiomba irudi, ilifunga mapazia.

Sasa kila asubuhi huvuka barabara na kahawa yake na kukalia kiti hicho, mvua au theluji. Loretta humwita aingie ndani, atapata kichomi.

"Nakilipia dola elfu saba na mia mbili," hujibu Geraldine. "Nitakikalia."

Mbele yake malori ya ghala hupita, mengine yakiingia, mengine yakitoka, kwenye lami mpya iliyolipiwa na kodi za wenye nyumba.