Safu ya Nyuma

Kaka yangu alikuja kwenye ukumbi wa mazoezi ya wazee na funguo za nyumba ya mama mfukoni. Alizichukua juzi, baada ya mama kusahau pasi ikiwaka hadi meza ya kushonea ikaungua. Mama ni fundi cherehani. Ukimtoa kwake, umemtoa kazini.

"Leo namtazama kwa macho yangu," alisema. "Akiyakumbuka haya mazoezi yenu, anabaki kwake. Akishindwa, jioni namhamishia kwangu."

"Mama si gunia, ubebe tu," nikamjibu. Damu ilinichemka.

Mwalimu wa mazoezi alishamweleza kwamba taichi, mazoezi haya ya Kichina, haiponyi. Miondoko hii ya polepole, mwili na akili vikienda pamoja, huenda ikachelewesha usahaulifu wa wazee. Kaka aliguna tu, akaenda kuegemea mlango wa kioo.

Mama alisimama safu ya nyuma, kama kawaida yake. Mikono ikapanda, ikashuka, mguu ukatangulia taratibu. Hakukosea hata kidogo. Nikamkonyeza kaka: umeona?

Ndipo nikaona mimi. Macho ya mama hayakubanduka mgongoni kwa mzee aliyekuwa mbele yake. Alikuwa akimwiga! Na katikati ya mazoezi wote hugeuka, safu ya nyuma ikawa ya mbele. Hapo kila siku mama hutazama kioo cha mlango, nami nikidhani ni mazoea ya fundi, kumbe anawatazama wenzake waliomo kiooni. Leo kaka alikiziba kwa hayo mabega yake.

Nimwambie asogee? Angeuliza kwa nini.

Wakageuka. Mama akatafuta kioo, akakutana na kifua cha mwanawe. Mikono ikabaki hewani.

"Baba," alimwita kwa sauti ndogo, "umenizibia."

Kaka akageuka kutazama kioo, akawatazama wazee nyuma ya mama, kisha mimi. Si mjinga yule, ni mkaidi tu. Nilijua yameisha.

Angeweza kusogea. Badala yake aliinua mikono yake mwenyewe, akiwaiga wale wa nyuma, vibaya mno, kama anayefukuza nzi. Mama akamtazama, akamfuata.

"Legeza mabega," akamkemea katikati ya mwondoko. "Ukijikaza hivyo hata koti halikukai."

Kaka alicheka, machozi yakimtoka. Na mimi nilimpenda, pamoja na hasira zangu zote.

Nje akamwekea mama funguo kiganjani. "Nitakuletea pasi inayojizima yenyewe."

"Na pale mlangoni, wakigeuka?" nikauliza.

"Nitakuwa nakuja."

Mama akafunga kiganja. Alikuwa ameelewa kila kitu.

"Usichelewe," alimwambia. "Na siku nikikusahau, baba, wewe simama pale pale mbele yangu."