Mama Aliyesomewa Khitma

Ashatu alikuwa amepepeta nusu ya mtama askari alipokuja kumwita. Kambi ya wapagazi ilikuwa imekwisha amka, moshi umetanda juu ya vibanda vya makuti, na mnyapara wa msafara alikuwa akifoka kwamba watu wake hawawezi kubeba pembe na matumbo matupu. Ashatu aliweka ungo chini, akajikung'uta makapi kwenye kaniki yake.

"Akida amekwisha kaa barazani," alisema yule askari, jina lake Kitwana. "Twende. Na usije mikono mitupu."

Hakuwa na kitu ila kuku mmoja, amefungwa mguu kwenye nguzo ya kibanda. Alimfungua akampa. Kitwana alimbinya kifua kuona kama ana nyama, akamtia kwapani.

"Mtama wangu nani ataumaliza?" mnyapara alipiga kelele.

"Nitarudi, baba."

"Ukirudi utakuta mwingine."

Alikwenda hivyo hivyo. Tangu mwaka wa njaa alikuwa akiwatafuta wanawe. Siku walipopotea, kwao Fukayosi, aliwaacha kibandani wote wanne, akaenda msituni kuchimba mizizi ya ming'oko, maana baba yao alikwisha kufa na ghala halina punje. Aliporudi moto ulikuwa ukiwaka mekoni na maji yanachemka chunguni. Watoto hawakuwepo. Hapakuwa na nyayo za kukimbia wala kitu kilichovunjika. Mlango ulikuwa umerudishwa taratibu, kama watu wanavyofanya wakitoka kwenda kisimani. Aliwatafuta Zinga, akawatafuta hadi Saadani, mwisho akatia maguu Bagamoyo, akawa anatwanga na kupepeta kwa ajili ya misafara ili apate pa kulala.

Ndipo juzi alipomwona Mwaija, binti yake mkubwa, mlangoni kwa Mikidadi, mfanyabiashara wa utomvu wa sandarusi. Ashatu alimwita. Mwaija alimtazama usoni, akaingia ndani, akafunga mlango. Siku ile ile Ashatu alikwenda kushtaki kwa akida.

Barazani kwa akida kulikuwa na watu wengi kuliko alivyotazamia. Mikidadi alikuwa amekaa mkekani, kanzu yake safi, tasbihi mkononi. Alimkaribisha Ashatu kwa upole.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alimwambia akida. "Watoto hawa niliwapata njiani wakati wa njaa. Mama yao tulidhani kafa. Kama huyu ndiye, damu yake itamjua. Waulizwe tu."

Ashatu alijiandaa kupigiwa kelele na kuitwa mwongo. Upole ule ulimsimamisha nywele.

Zuleha, mke wa Mikidadi, alikuja na watoto. Kila mmoja alikuwa amefungwa mvuje shingoni, ile dawa ya harufu kali wanayovalishwa watoto ili mashetani wasiwasogelee. Harufu ilifika kabla yao.

"Wanaogopa, akida," Zuleha alisema. "Kwao huyu ni maiti."

"Tuanze na mdogo," akida alisema.

Ausi aliwekwa mkekani. Alichukuliwa akiwa ananyonya, sasa anatembea. Ashatu alifungua pindo la kaniki akatoa kauri, akamwonyesha, kisha akaifunika kwa kitambaa mbele ya macho yake. Zamani, akificha kitu namna ile, mtoto yule aligeuza uso pale pale, kana kwamba kitu hicho hakikupata kuwako duniani. Leo Ausi alifunua kitambaa mara moja, akaishika kauri, akacheka. Alikwisha jifunza kwamba kilichofichwa kipo.

Ashatu alisogea karibu. Alijifunika uso kwa kaniki, akajifunua.

Ausi hakumtazama. Alitazama nyuma ya bega lake, mahali pasipo na mtu, akatabasamu kama aliyemwona amtakaye. Kisha akamkimbilia Zuleha. Ashatu aligeuka haraka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Huyu hamjui," akida alisema. "Mwingine."

Kibibi hakukubali kusogea. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni walipopotea; sasa alijificha nyuma ya dada yake, jicho moja tu nje.

"Aonyeshe miguu," alisema.

Watu walicheka. Ashatu aliinua kaniki taratibu. Kibibi aliitazama miguu ile kwa muda mrefu, vidole hadi visigino.

"Ni ya mama," alinong'ona.

"Basi ndiye mama yako?" akida aliuliza.

"Hapana. Mama yuko chini ya mchanga. Huyu kavaa miguu yake."

Safari hii hakucheka mtu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na Ashatu alisogeza mkeka wake kando kidogo.

Husseni alikuja bila kuvutwa. Alikuwa ameota meno ya kikubwa. Alimzunguka mama yake kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Mama ana kovu la moto mkono wa kushoto, juu ya kiwiko," alisema. "Lilitokana na uji."

Ashatu alionyesha mkono.

"Ndiye," Husseni alisema. Halafu akakunja uso. "Lakini tulikusomea khitma. Nilikula ubwabwa wake. Ulikufa ukarudi, au hukufa?"

"Sikufa, mwanangu."

Kijana alifikiri. "Kama hukufa, khitma ile ilikuwa ya nani?" Akageuka kumtazama Mikidadi.

Mikidadi alisogeza punje za tasbihi. Akida ndiye aliyekohoa.

"Njoo hapa. Tuseme yuko mwanamke mwingine mwenye kovu kama hilo. Naye atakuwa mama yako?"

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Nasema tuseme yupo."

"Kama hayupo hana kovu," Husseni alisema.

Baraza zima liliangua kicheko. Kijana alitazama huku na huku, hakuelewa amekosea wapi, macho yakamjaa machozi.

"Akili haijafika," akida alisema. "Anaona kilicho mbele yake tu. Siwezi kukata shauri kwa neno la asiyebaleghe. Mlete yule mkubwa. Neno lake ndilo litakaloshika."

Mwaija alisogea, amejifunga kisutu hadi kichwani. Alikuwa amerefuka, naye alisimama kama watu wazima wanavyosimama mbele ya mkubwa, mikono imetulia. Alimtazama mama yake. Akamtazama Mikidadi. Akawatazama watu wawili waliokaa karibu na mlango, ambao Ashatu hakuwajua. Kisha akainamisha macho, na Mikidadi akaacha kuchezea tasbihi.

"Simjui," alisema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Mama yangu amekufa."

"Dada!" Husseni alipiga ukelele. "Kovu lile! Umeliona!"

Mwaija alimziba mdomo kwa kiganja.

"Mwaija," Ashatu alisema. "Mwaija, ni mimi."

Binti aliinua macho, na macho yale yakampita Ashatu kama yanavyopita mlango ulio wazi. Ashatu aliitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwapo, na unga wa mtama bado umeganda kwenye kucha.

"Umetazama kweli, binti?" Mikidadi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Hilo Ashatu alilisikia, ila hakujua alifanyie nini.

"Shauri limekwisha," akida alisema, na Kitwana akamshika Ashatu bega akamtoa nje.

Hakurudi kambini. Alikaa kisimani upande wa nyuma wa mtaa, miongoni mwa wanawake wanaoteka maji, na hakuna aliyemsalimu. Habari zilikwisha kumtangulia. Mmoja alipojaza mtungi wake alipita mbali naye, akivuta nguo isimguse.

Baada ya alasiri, wanawake wale walipokwisha kwenda zao, Mwaija alikuja na mtungi, Kibibi ameshika kisutu chake. Mtoto alipomwona Ashatu alikauka.

"Usiogope," Mwaija alimwambia. "Mzuka hufukuzwa kwa maneno. Nyamaza nimwambie."

Alishusha ndoo kisimani, akamgeuzia Ashatu mgongo, akasema huku anatazama maji:

"Ewe mzuka, sikiliza. Bwana atasema alitununua sote kwa mtu wa bara, watoto na mama yetu, na mama akatoroka njiani. Mashahidi wake walikuwa mlangoni, tayari. Alikuwa akingoja tu niseme ndiye. Ningesema, usiku huu ungelala ndani ya pingu, na kesho ungepelekwa asikokujua mtu. Ondoka kabla jua halijatua. Usigeuke, usinitaje. Hawa mimi ninawaogesha, mimi ninawalisha. Nenda kwenu, uwe hai huko."

Ndoo ilipanda imejaa. Mwaija aliimimina mtungini, maji mengine yakamwagika miguuni.

Ashatu alimtazama mgongo. Msichana aliyemwacha kibandani alikuwa akilia akinyang'anywa kipande cha muhogo. Lini alijifunza kulitazama jambo ambalo halijatokea, akaligeuza, akaliona hadi mwisho wake, akasema uongo mbele ya baraza zima bila kupepesa? Na ni nani aliyemfundisha kama si nyumba ile?

"Dada," Kibibi alinong'ona, "mimi ndiye niliyemwita. Jana nilimtaja jina wakati wa kulala, ndiyo maana kaja."

"Haidhuru."

"Nikimtaja tena atakuja?"

Mwaija alijitwisha mtungi. "Mtaje," alisema. "Mtaje kila siku. Kimoyomoyo, bwana asisikie."

Ashatu alisimama. Alitaka kumshika mtoto kichwa, mara moja tu, lakini Kibibi alikuwa amefumba macho kwa nguvu, anangoja mzuka uondoke. Basi akaondoka kama mzuka, hakugeuka, hakulia, miguu yake haikutoa sauti juu ya mchanga.

Mwisho wa mtaa Kitwana alimkimbilia.

"Wee mwanamke! Bwana Mikidadi anataka urudi. Binti ataulizwa tena kesho, huenda leo aliona haya. Si unasema ni wako?"

Msikitini nyuma yao mwadhini alikuwa akijisafisha koo kwa adhana ya magharibi. Ashatu alimtazama askari usoni.

"Nilikosea," alisema. "Si wangu. Wangu walikufa mwaka wa njaa, wote wanne."

Kitwana alisita, akarudi nyuma hatua.

"Mungu awarehemu," alisema, akampisha.

"Amina," Ashatu alisema, akashika njia ya bara.