Vigeugeu vya Ghorofa ya Tatu

Mkuu wa masoko wa kampuni ile ya bima hakuwa mtu mbaya. Alikuwa shemeji wa mwenye kampuni, na hiyo ndiyo shahada yake ya juu kabisa. Kazi yake ilikuwa kuilinda chapa, na aliilinda kama muuguzi anayemhamisha mgonjwa kitanda kila siku. Jumatatu nembo iwe ya bluu, maana bluu ni uaminifu. Alhamisi iwe ya chungwa, maana ameota.

Aliyezibeba ndoto hizo ni mbunifu, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyekaa ghorofa ya tatu, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji. Kampuni ilikuwa na violezo vya barua pepe vya kila namna: vya kumkaribisha mteja, kumtakia heri ya kuzaliwa, kumpa pole akifiwa. Kila kimoja kiliandikiwa rangi, nembo na maneno yake peke yake. Rangi ikibadilika, alivifungua kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele, na kabla hajafika mwisho mkuu alikuwa ameshaota tena.

Maji yalipomfika shingoni, akakaa na fundi wa kompyuta, wakatengeneza mahali pamoja pa kuhifadhi rangi, nembo, kaulimbiu na sahihi. Violezo vyote vikawa vinachota hapo. Badilisha kitu mara moja, na barua zote zimebadilika. Fundi, mtu wa mzaha, akaviita vitu hivyo vigeugeu, na jina likashika.

Likamfikia mkuu kwenye korido.

"Nani kigeugeu?" akauliza, mishipa ya shingo imemtoka.

"Rangi, bosi," mbunifu akajibu. "Rangi na nembo. Si mtu."

Akaelezwa. Uso ukamchanua. "Yaani nikibadilisha mahali pamoja, wateja wote wanaona?"

"Wote, bosi."

"Saa hiyo hiyo?"

Hapo mbunifu akatamani kuumeza ulimi wake. Kumbe miaka yote kampuni ilikuwa inaokolewa na ule usumbufu! Mawazo ya mkuu yalikuwa yanafia njiani kabla ya kumfikia mteja. Sasa yamejengewa barabara ya lami. Mkuu alidai nenosiri, mwenye kampuni akaamuru apewe, na nyani akakabidhiwa shamba la mahindi.

Haikupita muda, mume wa shangazi yake mbunifu akafariki. Alikuwa mteja wa kampuni hiyohiyo. Mbunifu mwenyewe ndiye aliyemshawishi ajiunge. Akaomba ruhusa, akaenda kuzika. Huku nyuma mkuu akabaki na nenosiri lake na hakuna wa kumshika mkono.

Siku mbunifu aliporudi kazini, hata hajaweka mkoba chini, alimwona shangazi yake amesimama mapokezi, kajifunika nguo za msiba, simu mkononi.

"Mwanangu, huyu mwenye meno anakaa chumba gani?"

Mbunifu akaitazama simu. *Tumepokea kwa majonzi taarifa za kuondokewa na mume wako mpendwa.* Juu ya maneno hayo, palipokuwa na nembo, sasa palikuwa na picha ya mkuu, meno yote nje, dole gumba juu. Chini yake, kwenye manjano ya kuumiza macho: *Tucheke Pamoja!*

Akamwonyesha mlango wa mkuu.

Mkuu alinyanyuka kwa heshima. "Karibu mama, karibu kiti. Tukusaidie nini?"

"Mmeniandikia tucheke pamoja." Shangazi akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Nimekuja. Haya, anza wewe, mimi nitafuatia."

Mkuu akaisoma ile simu. "Mama, pole sana. Huu ni mtambo tu, umekosea."

"Mtambo ndio wenye meno haya?"

Akataka kutabasamu, akaghairi, akafunga mdomo, akaufungua tena. Hakujua aufanye nini. Shangazi akamsubiri, hana haraka hata kidogo. Ofisi nzima ilinyamaza mpaka mwenye kampuni akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Alipoisoma barua, naye akatoa pole. Shangazi akainuka, akaondoka.

Mbunifu akamfuata kwenye ngazi. "Shangazi, nisamehe. Yule mtu ni wazimu."

"Huyo nimeshamwona. Wewe niambie: nani aliamua barua ya msiba iwe na kaulimbiu?"

Mbunifu akashika chuma cha ngazi. Ni yeye aliyeiunganisha na vigeugeu, pamoja na nyingine zote, bila kuwaza mara mbili.

Kwenye kikao kilichoitwa baadaye, mkuu alisema vigeugeu ni teknolojia hatari na afadhali vifutwe. Wakuu wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mmoja akapendekeza semina hotelini. Mwenye kampuni akamnyang'anya shemeji yake nenosiri, kisha, kwa kuwa nyumbani kuna mke atakayeuliza maswali, akampa cheo cha mshauri mwandamizi wa chapa na chumba chenye dirisha kubwa zaidi.

Mbunifu akaichomoa barua ya pole kwenye vigeugeu. Akaacha maandishi meusi juu ya weupe, jina la kampuni kwa herufi ndogo, na chini kabisa jina na simu ya mtu atakayepokea akipigiwa. Akamtumia shangazi kwanza.

"Hii inasomeka," shangazi akajibu.

Mchana mshauri mwandamizi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni, akaitazama barua kwenye skrini.

"Aisee, imetulia! Kwa nini zote zisiwe hivi? Hata za kuzaliwa."

"Hapana," mbunifu akasema bila kugeuka.

Mshauri akasubiri kusikia lile neno "bosi" alilozoea kulisikia likifuata. Halikuja.