Hewa Nyingi, Petroli Kidogo

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na tangu asikie kwamba injini ikipewa hewa nyingi na petroli kidogo hubana matumizi, nyumba yetu haijapumua. Alishika bisibisi, akakaza skrubu ya kabureta ya gari letu kuukuu, akalizungusha mtaani, akarudi anacheka mpaka jino la mwisho. Nisimnyime haki yake: kwenye tambarare petroli ilikaa kweli. Lakini mlimani, jamani! Gari linakohoa, linatetemeka, linachemka, linapitwa na baiskeli.

"Nguvu zimepungua," nikamwambia.

"Nguvu ni ufujaji," akanijibu.

Kila akienda kuoga, mimi nalegeza skrubu. Akanishtukia, akaimwagia gundi ya kushikisha vyuma. Kisha akahamia jikoni kwangu. Sukari nusu, mafuta tone, mkate ukatwe mwembamba uone ng'ambo. "Mwili nao ni injini," anasema. Mama mkwe, tunayekaa naye, anaitikia, "Mwanangu ana akili." Haya. Asubuhi ya siku ya keki nikampa mwanawe nusu kikombe cha chai kavu, basi.

Keki yenyewe ilikuwa ya harusi, ghorofa tatu, ya hoteli iliyoko juu kilimani. Nimeipamba mpaka mgongo ukagoma. Meneja aliniahidi kwamba akiipenda, keki zote za hoteli zitakuwa zangu. Mimi niliyezoea kuuza vipande nje ya geti la shule! Niliitaka kazi ile mpaka usiku naiota.

Mume wangu akashika usukani, mimi kando, mama mkwe nyuma na boksi la keki mapajani. Karibu na kilele gari likapiga chafya mbili, likazima.

"Legeza skrubu!" nikapiga kelele.

Akafungua boneti, akahangaika na bisibisi wee. Gundi yake mwenyewe ilikuwa imeshika barabara.

"Basi nitasukuma," akasema. Nikahamia kwenye usukani, nikaliwasha, nikatia gia ya kwanza. Akasukuma hatua chache, akakaa chini, jasho linamtiririka. "Mke wangu, sina nguvu. Tangu asubuhi nina chai tupu."

"Nguvu si ufujaji?"

Nikasikia boksi linafunguliwa. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa keshashuka na ghorofa ya juu, ile yenye maua, anamlisha mwanawe kwa kiganja.

"Kula, baba. Kula ushibe."

Nililia. Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Naye akaila yote, akainuka, akasukuma bila kupumzika mpaka tukafika juu.

Meneja akaizunguka keki. "Tulikubaliana ghorofa tatu."

Nikamwonyesha mume wangu, amesimama mlangoni na krimu kwenye masharubu. "Ya tatu ile pale," nikasema. "Ndiyo iliyotufikisha."

Meneja hakucheka. Kazi hakunipa.

Kurudi ulikuwa mteremko mtupu. Mume wangu alizima injini, akaliacha gari liserereke lenyewe, na tulipofika chini akanigeukia, macho yanamng'aa.

"Umeona? Njia nzima hatukutumia hata tone."

Safari hii mama mkwe hakuitikia.