Kivuli Kilichosahaulika Chini ya Bi Kizee

Orville Hudak alipoiona picha aliyoipiga mwenyewe imetundikwa juu ya lango la bustani ya michezo ya Bonde la Kicheko, kubwa kama ubavu wa ghala la nyasi, na chini yake jina la mtu mwingine, hakupiga kelele. Alisimama tu. Waliokuwa karibu naye wanasema vile viazi vya kukaanga alivyoshika, vilivyokwisha kupoa na kulowa siki, vilianza kufuka moshi upya. Anayemjua Orville hana sababu ya kubisha.

"Umeona hilo jina?" alimwuliza mkewe.

Bernadine alikuwa amebeba begi la kamera, kama siku zote, na kofia yake ya majani, pana kama ungo, imemfunika mpaka mabegani. Aliinua ukingo wa kofia akasoma. "Thurman Beck. Labda wamekosea."

"Thurman hakosei. Thurman anaiba."

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, na ilikuwa siku ya mwisho ya Bi Kizee. Bi Kizee ni ile treni ya mbao ya pale bondeni, inayopanda kilima cha mbao ikilalamika kama mgonjwa wa magoti, kisha ikifika juu inajiachia, na watu waliomo ndani wanakumbuka dhambi zao zote. Imefanya hivyo miaka tisini. Kesho yake mafundi wangekuja na misumeno, na mahali pake pangekuwa maegesho ya magari. Kitu kimoja tu kingebaki: picha moja ya Bi Kizee, ukutani pa lango, na jina la aliyeipiga. Chama cha Wapenzi wa Bi Kizee, watu wanaojua idadi ya misumari yake na hukasirika ukiitaja vibaya, ndicho kilichopiga kura kuichagua.

Orville alitaka jina lake liwe pale ukutani kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu astaafu kiwanda cha chupa. Miaka kumi na miwili, kila Jumapili bonde linapofunguliwa, alikuwa pale kabla ya wauza tiketi. Kupiga picha alijifundisha mwenyewe, na kuzihariri pia, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakutaka watu. Alitaka Bi Kizee peke yake na mbingu yake, kama siku Mungu alipoiumba, maana Orville aliamini kabisa kwamba Mungu ndiye aliyeiumba na mafundi walishika nyundo tu.

Sasa, kupata bustani ya michezo bila watu ni sawa na kupata mzinga bila nyuki. Lakini njia ipo. Alisimika kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akapiga picha ishirini za mahali pamoja, kisha nyumbani akazilaza ndani ya kompyuta moja juu ya nyingine. Mtu anayetembea hayuko mahali pamoja katika picha mbili, kwa hiyo kompyuta inammeza bila kutafuna. Shida ni waliosimama tuli. Hao aliwafuta kwa mkono, kwa ile brashi inayochota majani ya hapa na kuyapaka pale, usiku baada ya usiku, wiki tatu, mpaka macho yakawa mekundu kama ya sungura. Akimaliza, zile ishirini za mwanzo alizitupa. Hakutaka hata yeye mwenyewe akumbuke siku ilivyokuwa na fujo.

Hii iliyokuwa langoni ndiyo iliyozishinda zote. Jua la asubuhi, reli zinang'aa, hakuna kiumbe. Lakini hakuiwasilisha. Kanuni ya saba ya chama inasema picha iwe kama ilivyotoka kwenye kamera, asitolewe mtu wala kuongezwa wingu. Orville aliing'ata midomo yake majira yote ya joto, akawasilisha nyingine, yenye pipa la taka na wapiga miayo, ikapata kura nne, moja ikiwa yake na moja ya Bernadine. Ile nzuri aliwahi kuwaonyesha wanachama mara moja tu, miaka mitatu nyuma, kwenye ukurasa wao wa mtandao, jina lake likiwa pembeni chini. Walipoanza kuuliza watu wamekwenda wapi, aliiondoa upesi, kabla wengi hawajaiona.

Si upesi vya kutosha. Pembe ya chini ya lile bango ilikuwa imekatwa, nadhifu kama ukucha.

"Nilijizuia mimi," Orville alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya. "Mwenye mali nimejizuia. Halafu mwizi anakuja anakula na sahani."

"Punguza, Orville. Moyo wako."

"Moyo wangu uko sawa. Wa Thurman ndio nataka kuuona."

Thurman Beck alikuwa chini ya bango akipokea mikono ya watu kama bwana harusi. Mtu mrefu, fundi wa maneno matamu, alikuwa na kamera ya bei mbaya ambayo haikuwahi kumpa picha hata moja yenye kichwa na miguu pamoja. Kando yake alisimama Bi Dolores Kravitz, mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni.

"Orville, ndugu yangu," Thurman alisema. "Umekuja kunipongeza."

"Nimekuja kuchukua picha yangu."

"Picha yako ni ile ya pipa. Ilikuwa nzuri. Pipa lilitoka vizuri sana."

Watu walicheka. Orville aliwaacha wamalize, kisha akamgeukia Bi Dolores. "Mwalimu, hiyo niliipiga mimi. Amekata jina langu pembeni. Badilisheni jina tu, yaishe."

"Yaishe vipi, Orville? Lete zile za mwanzo zilizotoka kwenye kamera, nizione."

Orville alihamishia viazi mkono wa pili.

"Huna?"

"Nilizitupa."

"Alizitupa," Thurman aliwaambia watu, kwa huruma. "Na mimi nilikuwa na bata anayetaga dhahabu, nikamla Jumatano. Mzee, nenda kakae kivulini."

Huenda ni lile neno, huenda ni jua lililotoka kwenye wingu wakati uleule. Orville aliinua macho kwenye bango kwa hasira ya kutaka kulishusha kwa meno, na kwa mara ya kwanza akaiona picha yake ikiwa kubwa. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani ile sehemu ya chini ilikuwa kama ukucha. Hapa ilikuwa kama mlango. Chini ya kilima cha kwanza, juu ya changarawe, karibu na uzio, kulikuwa na kivuli. Kivuli kirefu cha asubuhi, kimelala vizuri kabisa, na mwenye kivuli hayupo.

Alikuwa amemfuta mtu akasahau kivuli chake.

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukatua palepale kwenye kanuni ya saba. Akikinyooshea kidole kile kivuli, Thurman amekwisha, na yeye amekwisha. Asipokinyooshea, jina la Beck litakaa ukutani hadi ukuta uanguke. Mtu mwenye busara angeenda nyumbani kufikiri. Orville hakuwa amekuja na busara siku hiyo.

"Thurman," alisema, "hebu tuambie, kile kivuli pale uzioni ni cha nani?"

Thurman aliangalia. "Cha mti."

"Mti gani huo?"

"Mti tu. Hapa kuna miti."

"Mti unaovaa kofia," Orville alisema. "Na umebeba begi. Twende ukanionyeshe huo mti, nataka kuupa kiti."

Sasa watu hawakucheka. Walikuwa wakitazama juu, mikono juu ya macho, na mtu mmoja akasema polepole kwamba ni kweli, ni kofia.

"Sikilizeni," Orville alisema, na sauti sasa ilikuwa imepanda. "Palikuwa na mtu pale. Nikamfuta. Niliwafuta wote, watu mia mbili na ushei, na mtoto aliyekuwa akitapika. Wiki tatu nimefanya hiyo kazi. Huyu hajui, kwa sababu hajawahi kufanya kazi. Nimevunja kanuni ya saba, niandikeni. Lakini nimeivunja kwa mikono yangu mwenyewe, si yake."

Bi Dolores aliweka filimbi mdomoni, akaitoa bila kupuliza. Thurman alianza kusema kitu kuhusu upepo na lenzi. Hakuna aliyemsikiliza, maana Bernadine alikuwa ametembea taratibu hadi chini ya bango, akasimama, begi begani. Jua lilikuwa nyuma yake. Kivuli chake kililala chini mbele ya watu wote: kofia kama ungo, begi likining'inia kushoto. Alikitazama, akatazama juu, akatazama tena chini.

"Orville," alisema. "Huyo ni mimi."

Inasemekana wakati huo hata Bi Kizee iliyokuwa ikipanda kilima iliacha kulalamika.

"Bernie," Orville alianza.

"Usiniite Bernie. Ile picha ya gurudumu kubwa, mvua iliponyesha, na mimi nilikuwepo?"

Orville alitazama viazi vyake.

"Ile ya farasi wa mbao, siku yangu ya kuzaliwa. Nilivaa gauni la bluu."

"Ulikuwa mbele ya farasi mzuri kuliko wote."

"Miaka kumi na miwili," Bernadine alisema, na hakuinua sauti, akaifanya kila silabi iwe na uzito wa tofali. "Miaka kumi na miwili nashika begi. 'Usisogee, Bernie, utatikisa stendi.' Sisogei. Inzi ananiuma, sisogei. Wengine wote wanatembea, mashine inawala yenyewe, sivyo unavyosema siku zote? Mimi ndiye niliyesimama tuli. Mimi ulikaa chini ukanifuta kwa mkono."

"Haikuwa kwa ubaya."

"Nilidhani hunipigi picha. Nikajiambia, ah, ndivyo alivyo, anapenda mbao. Kumbe unanipiga, halafu unakaa wiki tatu unaniondoa."

Alivua begi begani. Watu waliokuwepo wanaapa kwamba lilipotua kifuani mwa Orville lilisikika mpaka kijiji cha pili.

Bi Dolores ndiye aliyeokoa hali, kama mwalimu anavyoingilia ugomvi wa uwanjani. Alipuliza filimbi. Thurman Beck, alisema, ametolewa kwenye chama kwa wizi, na akitaka kubisha abishane na kivuli. Picha ya Orville imetolewa kwa kanuni ya saba. Bango lishushwe. "Treni ya mwisho ni saa kumi. Mwenye kamera apige. Mtaniletea kabla ya Jumanne, kama ilivyotoka kwenye kamera, na tutapiga kura tena. Na safari hii nitahesabu vivuli."

Saa kumi kasorobo Orville alikuwa uzioni, palepale, pasipo stendi, kwa sababu hakuna wa kumshikia begi huku akiikaza miguu ya stendi. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka hajui ya nani iko wapi: ya Thurman, ya kanuni, ya watu waliomzunguka kwa simu zao na watoto wao wanaonata sukari. Na moja, ndogo na kali kuliko zote, ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo hakutaka kuishika.

Bernadine alikuwa amepanda. Behewa la kwanza, kiti cha mbele, kofia ameikalia isipeperuke. Miaka yote hiyo hakuwahi kuipanda Bi Kizee, maana alikuwa na begi.

Na wakati fimbo ya usalama inashushwa, mtu mmoja mrefu aliruka uzio akajitupa kwenye kiti cha nyuma yake. Wapenzi wa Bi Kizee walizomea. Thurman aliwapungia mkono. Mlinzi hakuwa na nguvu ya kugombana siku ya mwisho, akaiachia treni.

Ilipanda ikilia. Ilifika juu ikanyamaza. Kisha ikaja, na ilipopita bonde la kwanza, hatua kumi kutoka uzioni, Bernadine aligeuza uso, nywele zimesimama kama ufagio, akamwona mumewe, akafungua mdomo wote na kumwambia jambo ambalo mwanamke wa kanisani hasemi. Orville alibonyeza mara moja tu.

Ilikuwa picha bora aliyowahi kupiga. Alijua hivyo kabla hajaiona. Nyumbani aliifungua kwenye kompyuta, na hasira ikamrudia kama maziwa yanayofurika. Ilikuwa imeinama kidogo kulia. Kwenye kona mtoto alikuwa na aiskrimu kwenye kiwiko. Pipa lilikuwepo, lilelile. Katikati Bernadine, meno yote nje, hai kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye picha. Na nyuma ya bega lake, akicheka kama aliyeshinda bahati nasibu, uso wa Thurman Beck, umetoka wazi, mpaka vinyweleo vya pua.

Orville alishika kipanya. Alichagua brashi. Kazi ya dakika tano, alijiambia. Kutoka kwenye anga kidogo, kutoka kwenye mbao kidogo. Mkono ulimwasha mpaka kwenye kiwiko.

"Mwache," Bernadine alisema nyuma ya kiti chake. Alikuwa bado hajavua koti.

"Huyu ni mwizi."

"Alikuwepo."

"Bernie, wataitundika langoni. Atakuwa mkubwa kama trekta. Nitapita chini yake mpaka nife."

"Utapita," Bernadine alisema. "Utainua kichwa na kumtazama, na utajua ninavyojisikia nikitazama zile ulizonitoa."

Orville alipata kura sitini na tatu. Ile picha iko langoni hadi leo, jina la Hudak chini kwa herufi za shaba. Kila Jumapili Orville anapita chini yake na kumkunjia Thurman ngumi, na wageni wasiojua habari hudhani ni desturi ya pale, na baadhi yao wameanza kumkunjia ngumi pia. Begi hulibeba mwenyewe. Bernadine hutangulia mbele, mikono mitupu, hamsubiri.