Mwalimu Otuoma Asikia Sauti Yake

Sauti ya Mwalimu Jairo Otuoma haikuhitaji kivuko wala daraja. Wapo wanaoapa kwamba akiita mahudhurio asubuhi pale Buhongwa, watoro waliojificha Sengerema walikuwa wakiitika ng'ambo ya maji. Mwaka mmoja, wanasema, dume la Mzee Luhende lililokuwa likichungwa nyuma ya darasa liliacha majani, likanyoosha kwato juu kuomba ruhusa ya kwenda haja. Ng'ombe ni shahidi, ila ameshaliwa.

Kwa hiyo Evelina Machibya alipolificha jina la mzee huyo akaisahau sauti yake, alifanana na mtu aliyemfunika kiboko kwa leso.

Evelina alifundisha Kiingereza katika sekondari hiyo hiyo ya Buhongwa. Otuoma alikuwa amemfundisha tangu akiwa binti wa kidato cha kwanza, na sasa wawili hao walikaa meza moja ofisini. Siku tano za juma Evelina alikuwa mwalimu; Jumamosi aligeuka mwanafunzi, akisomea uzamili wa isimu matumizi pamoja na walimu wenzake kumi na wanne, wote wamechoka, wote wana chaki kwenye kucha. Miaka miwili ilikuwa inaishia. Tasnifu yake iliuliza jambo moja: mwalimu wa Kiingereza anakitumiaje Kiswahili darasani, wakati sheria ya shule inasema kisisikike kabisa?

Alimrekodi Otuoma vipindi sita kwa simu yake. Mzee alitia saini fomu ya ridhaa bila hata kuvaa miwani.

"Rekodi, nyathina," alisema. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtoto wao. "Utasikia Kiingereza kilichopigwa pasi."

Fomu iliahidi mawili: jina la mwalimu halitatajwa, na siku yoyote akitaka kujitoa, rekodi zake zote zitafutwa.

Jumamosi moja, Dakta Rozina, aliyekuwa akimsimamia, alimwomba awasikilizishe wenzake rekodi hizo dakika mbili tu. Evelina akabonyeza. Kwenye karatasi alikuwa ameandika "Mwalimu A". Kwenye spika ikatoka ngurumo:

"Children, snow! Mnaijua theluji? Hamuijui. Mmeona barafu inayopakiwa kwenye maboti kufuata sangara visiwani? Sasa fikirieni mbingu nzima ni kiwanda cha barafu, na mwenye kiwanda kalala, kaacha mlango wazi!"

Darasa zima likaangua kicheko. "Huyo si ndiye Otuoma!" mmoja akapiga meza. "Alinichapa mimi!" "Na mimi!" Nusu ya walimu wa Mwanza walipita mikononi mwake. Evelina akazima haraka, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Nyuma ya chumba, Nathaniel hakucheka. Jumamosi Nathaniel alikuwa mwanafunzi kama wengine. Siku nyingine alikuwa mthibiti ubora wa shule. Alifungua daftari akaandika. Hilo ndilo tatizo la kusoma huku unafanya kazi: unayekaa naye dawati moja Jumamosi, Jumatatu anakukagua.

"Bwana Nathaniel, hii ni data ya utafiti," Evelina alimfuata mlangoni.

"Dada yangu, masikio yangu hayana likizo."

Jumanne barua ya wathibiti ubora ikafika. Mwalimu Otuoma aeleze kwa maandishi kwa nini anavunja utaratibu wa lugha ya kufundishia, na rekodi iwasilishwe ndani ya siku saba. Mzee alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Barua ya namna hiyo ikiingia kwenye faili lake ingemsindikiza hadi mlangoni kama harufu.

Kilichomnyima Evelina usingizi si barua. Ni Otuoma mwenyewe, aliyesimama katikati ya ofisi akiipunga kama bendera.

"Miaka thelathini na minane! Mimi? Kiswahili darasani? Evelina, mpe huyo mthibiti hiyo rekodi! Mpe leo hii! Itanisafisha."

Hakuwa anaigiza. Mzee aliamini, kama mtu anavyoamini jina lake, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kutamka neno la Kiswahili mbele ya ubao. Yeye ndiye aliyechonga kile kibao cha mvule kilichoandikwa "Mimi ni punda", ambacho kila mwanafunzi aliyeponyokwa na Kiswahili alikivaa shingoni. Evelina alikivaa siku tatu akiwa kidato cha pili. Alikuwa amemkanyaga Otuoma mguu, akasema, "Samahani, Mwalimu."

Jumapili baada ya misa alipanda mawe ya Ilemela hadi kwa mzee. Nyumba imekaa juu ya jabali, ziwa lote liko chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeshawapelekea?"

"Bado. Nimekuja kukuomba ujitoe. Ukiandika mstari mmoja tu, nitafuta kila kitu, na hawatakuwa na ushahidi."

"Na masomo yako?"

"Nitaanza upya. Labda mwaka mmoja."

"Ushahidi wa nini, lakini?" Mzee alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekosa swali rahisi. "Hebu niwashie nisikie hicho wanachokiita kosa."

"Mwalimu, tuache tu."

"Washa!"

Akawasha. Mzee akaegemeza kichwa, akitabasamu kusikia Kiingereza chake. Ikaja theluji. Ukaja mlango wa kiwanda. Tabasamu likabaki usoni limesahauliwa. Akasikia watoto wakicheka, kisha wakijibu maswali kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine, wakigombea. Hilo ndilo Evelina alilokuwa ameliandikia sura nzima: kabla ya Kiswahili ilinyooshwa mikono mitatu, baada yake ishirini na saba. Alitaka kumwambia. Mzee hakuwa anasikia mikono.

"Zote sita ziko hivi?"

"Zote."

"Hata ile ya mwisho?"

"Hiyo ina Kijaluo pia, Mwalimu. Kidogo."

Kenge alitoka kwenye ufa wa jiwe, akawatazama wote wawili, akarudi zake.

"Siku zile ulipokuwa na kibao," Otuoma alisema, "mimi nilikuwa nafundisha kwa lugha gani?"

"Mwalimu, hiyo imeshapita. Na huku ndiko kufundisha kwenyewe. Nimeandika hivyo, kurasa arobaini. Niache nikutetee."

"Unitetee kwa nani? Kwa niliowavika punda?" Akanyoosha mkono. "Lete karatasi."

Aliandika mstari mmoja, mwandiko wake ule ule wa ubaoni, wenye herufi zilizosimama kama askari. Evelina akafuta rekodi mbele yake, moja moja hadi ya sita, na kurasa arobaini zikabaki hazina pa kusimama. Mzee alihesabu kwa vidole. Hawakunywa chai.

Nathaniel alipokuja Jumatano alikuta mstari ule na simu tupu. Akagunaguna, akaandika kwamba ushahidi haupo, akaondoka. Faili la Otuoma likabaki safi. Mkuu wa shule alimpongeza Evelina kwa busara. Dakta Rozina naye alimtumia ujumbe: tafuta mwalimu mwingine, tuonane mwakani.

Siku ya pili Evelina alipita nje ya darasa la mzee. Otuoma alikuwa anasoma kitabu kwa Kiingereza kitupu, polepole, kwa sauti ya mtu anayebeba yai mdomoni. Kila alipofika penye ugumu mdomo ulifunguka, ukasita, ukafungwa. Watoto arobaini na nane walimwangalia. Hakuna aliyecheka. Hakuna mkono.

Ikawa hivyo siku hiyo, na keshoye, na juma lililofuata.

Ijumaa wakati wa mapumziko, wasichana wanne wa darasa lile walisimama mlangoni pa ofisi na vitabu vyao. Otuoma alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka hapo, anasahihisha.

"Madam," mmoja alinong'ona kwa Kiswahili, akimchungulia mzee kwa hofu. "Tunaomba utueleze tulichosoma leo. Hatujaelewa hata kimoja."

Kalamu ya Otuoma ilisimama. Evelina alimtazama, akingoja ainue uso. Hakuinua.

"Ingieni," Evelina akasema, akawavutia kiti kimoja baada ya kingine. "Kaeni hapa hapa. Someni mstari wa kwanza."

Akaanza kuwaeleza kwa Kiswahili, bila kushusha sauti.