Nyumba Imetulia

Ukimuuliza mtu habari, atakujibu nzuri, hata kama ametoka kuzika. Ndivyo tulivyolelewa: kwanza nzuri, halafu ndiyo msiba ufuate, kama nafasi ipo. Mama Mistari alikuwa ameulizwa habari na daktari mara nne, mwezi hadi mwezi. Mara zote nne alijibu nzuri, na mara zote nne mumewe, aliyekaa pembeni, akaongeza, "Anaendelea vizuri sana, daktari. Nyumba imetulia." Nafasi ya msiba haikupatikana. Daktari aliandika kwenye kadi, na dawa zikatoka zilezile.

Jina la Mistari alilipata kwa dobi, alikopiga pasi miaka kumi na moja. Suruali ikitoka mikononi mwake ilikuwa na mstari ulionyooka hata mwenye suruali akaogopa kukaa. Halafu mwaka jana, bila kufiwa, bila kuachwa, bila kugombana na mtu, akaanza kulia. Alilia juu ya mashati ya watu. Alilia akimenya vitunguu, na hapo angalau alikuwa na kisingizio. Usingizi ukamhama. Watu walitafuta sababu wakaikosa, wakamlaumu yeye kwa kutokuwa nayo.

"Mume unaye, watoto wana afya, kazi unayo," alisema wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. "Sasa unalia nini, wifi? Unamkufuru Mungu."

Mama Mistari mwenyewe hakujua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti naye haulizwi.

Mumewe alikuwa fundi wa friji na, tuseme kweli, alimpenda. Ni mtu ambaye akisikia kitu kinanguruma vibaya halali mpaka akifungue. Yeye ndiye aliyempeleka kliniki, huku ndugu wakinong'ona kwamba kule ni kwa wendawazimu. Daktari akampa vidonge vya kumeza usiku. Akalala. Wiki ya pili machozi yakakauka, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Lakini hayakukauka machozi peke yake. Aliamka kichwa kizito, akashinda kutwa kama amebeba godoro lililolowa. Mwanawe wa mwisho alimsimulia kituko cha shuleni, naye akaona kwamba hapa ndipo mtu hucheka, basi akacheka. Kazini alisinzia amesimama. Akaunguza shati la kwanza, akaunguza la pili. Tajiri wake, mama mmoja mkali ila si mbaya, akamtoa kwenye pasi akamweka kwenye kukunja. Alipomrudisha kumjaribu, akaunguza la tatu.

"Mwanangu," yule mama alimwambia, "ukiunguza jingine itabidi ukapumzike nyumbani. Siwezi kuwavalisha wateja matundu."

Nyumbani hakusema. Angesema nini, na kila mtu amefurahi hivyo?

Mara ya tano walikuta daktari yuko likizo. Chumbani alikuwamo muuguzi wa makamo, viatu amevivua chini ya meza, macho yamechoka kuliko ya wagonjwa wake.

"Habari zenu?"

"Nzuri," alisema Mama Mistari.

"Anaendelea vizuri sana," alisema mumewe. "Nyumba ime..."

"Subiri, baba, zamu yako inakuja." Muuguzi alikuwa anasoma kadi. "Vizuri, vizuri, vizuri, vizuri. Kadi inapendeza hii. Mama, huo mkono umefanya nini?"

Mama Mistari akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Mkono wa gauni ulikuwa umepanda, na karibu na kiwiko ilionekana alama ya pasi, imechongoka mbele, ngozi imeanza kubanduka.

"Pasi."

"Lini?"

"Juzi."

"Ukaruka?"

Akafikiri. Hilo halikuwa swali la kujibiwa nzuri. "Hapana. Nilisinzia, nikasikia harufu. Nikadhani nimeunguza shati la nne. Nilipoona ni mkono, nikafurahi."

Mumewe aliutazama ule mkono uliompakulia chakula siku mbili mfululizo asiuone.

"Shati la nne?" aliuliza. "Hukuniambia."

"Hukuuliza," alisema mkewe, na alikuwa amechoka mno hata isisikike kama lawama.

Muuguzi akavaa viatu vyake. Akawaeleza pole pole, bila maneno makubwa. Vidonge vile vilikuwa vya kumletea usingizi na kumtuliza, na huenda dozi imemzidi, au havimfai kabisa. Haviachwi ghafla, hiyo ni hatari. Daktari huvipunguza kidogo kidogo. Ipo dawa nyingine, ya asubuhi, isiyolevya namna hii, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Tena chumba cha mwisho kule kwenye korido, kila Jumatano mchana, yupo mshauri: unakaa, unaongea, unasikilizwa. Wengine huwafaa kimoja, wengine huhitaji vyote.

"Kesho asubuhi nitamuona daktari wa zamu tuanze kupunguza, kama mtakubali. Ila nisiwafiche. Machozi yanaweza kurudi kabla ya nafuu. Yakizidi, mje hata kabla ya tarehe."

"Basi tubaki na hizi hizi," mume alisema haraka. "Samahani, dada, wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Alikaa jikoni akilia mpaka watoto wakashindwa kula. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kwangu mwenyewe. Hizi zimemsaidia. Amepona."

"Aliyepona ni wewe," alisema Mama Mistari.

Hakusema kwa ukali. Ukali unataka nguvu. "Wewe umepona, watoto wamepona, wifi amepona, hata majirani. Mimi ndiye ninayemeza, nyie ndio mnapona."

Muuguzi akamgeukia mke.

"Mama, wewe unataka nini hasa?"

Kumbe lilikuwa swali gumu. Katika mwaka mzima aliambiwa asali, apumzike, ashukuru, asahau, ale mboga, kuulizwa hakuulizwa. Hakutaka hata kufurahi. Furaha ilikuwa mbali, na kuifikiria tu safari yake kulimchosha.

"Nataka nikiungua, niruke," alisema.

Muuguzi akayaandika hayo kwenye kadi, neno kwa neno, chini ya zile vizuri nne. "Na Jumatano?"

"Na Jumatano. Nitamwomba tajiri ruhusa. Akikataa, nitajua la kufanya."

Nje, kwenye benchi la dirisha la dawa, walikaa kusubiri dawa ya kupaka mkono. Foleni ilisogea, nao wakasogea. Mwishowe mume akauliza, chini chini, "Yakirudi, mimi nifanye nini?"

"Ukae."

"Nikae tu?"

"Ukae tu. Usiniletee maji. Usimwite dada yako. Usinitafutie sababu. Ukae mpaka niishe."

Akawaza sana. "Hilo sijui kama nitaliweza."

"Najua."

Tajiri aliitoa ruhusa, baada ya kugomba robo saa nzima. Dozi ikapunguzwa. Siku ya kumi na mbili ikaangukia Jumapili, na mchana huo mume alitoka uani akamkuta mkewe jikoni, mgongo ukutani, analia kama zamani, au kuzidi. Akageuka kuelekea kwenye maji. Akasimama. Akatoa simu mfukoni, akairudisha. Kisha akaketi kwenye sakafu kando yake.

Alikaa. Mara tatu mkewe alimwona akijiandaa kusema neno, akalimeza. Mke alilia mpaka akaisha, kama alivyosema. Alipojifuta uso na kumtazama, mumewe alikuwa bado yuko pale pale, ameikalia mikono yake miwili.